Naomba ushauri: mwenye kiwanja kapotea kwenye makaratasi

Wakuu habari za saa hizi. Niko Columbus, Ohio, nimenunua kinyumba cha kizee karibu na katikati ya mji na sasa udadisi umenishika, nataka kujua kiwanja kimepita mikononi mwa nani na nani tangu viwanja vianze kuuzwa hapa tarehe 18 Juni 1812, siku ileile Marekani ilipotangaza vita na Uingereza. Sina kesi na mtu jamani, ni kiherehere tu.

Nimerudi nyuma hati kwa hati kwenye faharasa za kaunti ya Franklin, ya wauzaji na ya wanunuzi, nimefika 1834 nimekwama. Jamaa aliyeuza mwaka huo simuoni popote akinunua! Nikahamia madaftari ya kodi, mle kiwanja kipo kwa namba yake, na pembeni ya jina la fundi viatu mmoja kuna neno wino umefifia, nimelikazia macho mpaka yakatoa machozi, ni kama linasema kimeuzwa. Nahisi alidaiwa kodi kikapigwa mnada.

Sasa swali, hati ya mnada wa kodi muuzaji anaandikwa nani, mdaiwa au ofisa wa serikali? Maana kama ni ofisa basi wiki 3 natafuta jina silo. Na matangazo ya minada kwenye magazeti ya enzi zile nayapataje? Aliyewahi kupita njia hii anielekeze, wife kashaanza kuniita karani wa ardhi.