Mjadala: Hadithi za mizimu na nyumba zenye majini zibaki kwenye maktaba za shule za msingi?

MLETA MADA (mkutubi wa shule ya msingi, Dar es Salaam)

Ndugu wasomaji, naleta kwenu suala ambalo limewagawa wazazi na walimu katika shule kadhaa ninazozifahamu: je, vitabu vya hadithi za mizimu, majini na nyumba zinazosemekana kuwa na mashetani viendelee kuazimwa na watoto wa darasa la tatu hadi la saba, au viondolewe rafuni kama baadhi ya wazazi wanavyodai? Wanaovipinga wanasema kwamba mtoto akivisoma halali, na kwamba vinamjengea imani za kishirikina kabla hajapata akili ya kuzipima. Msimamo wangu ni kwamba vibaki, lakini kwa sharti nitakalolieleza, na naomba mnipinge kwa hoja.

Suala la usingizi halihitaji maneno mengi, kwa sababu kila aliyewahi kuitikia "Pakawa" amelala na zimwi kichwani. Mkumbukeni yule msichana aliyerudi peke yake ufukoni kuchukua kombe alilolisahau, zimwi likamkamata, likamtia ndani ya ngoma na kuzunguka naye kijiji hadi kijiji, likipiga ngoma ili yeye aimbe humo ndani, mpaka wazazi wake wakaitambua sauti ya mtoto wao. Sijapata kusoma kitabu cha watoto kinachotisha kuliko kisa hicho, na ni bibi zetu waliotusimulia, tena wakati wa kulala. Marekani walishaupitia ugomvi huu. Mkusanyo wa hadithi za jadi za kutisha ulioandaliwa na Alvin Schwartz, ambao kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1981, uliongoza orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa katika maktaba na shule za huko kati ya mwaka 1990 na 1999, kwa hesabu ya chama cha wakutubi wa nchi hiyo. Michoro yake ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaudhi wazazi. Mchapishaji alikuja kutoa toleo lenye michoro ya upole zaidi, na baadaye akairudisha ile ya zamani.

Lakini Marekani si kwetu, na hapo ndipo hoja ya ushirikina inapopata nguvu. Mtoto wa kwetu hufunga kitabu na kulala katika nyumba ambayo huenda ina hirizi juu ya mlango, na kesho yake akawasikia watu wazima, wenye elimu zao, wakieleza kwa utulivu kabisa kwamba duka la fulani limefilisika kwa sababu ya mkono wa mtu. Hadithi anayoisoma haimkuti akiwa hana imani yoyote. Inamkuta katikati ya maongezi yaliyoanza kabla hajazaliwa.

Kwa sababu hiyo sharti langu halihusu kiasi cha hofu kilichomo kitabuni, bali linahusu ni nani anayebebeshwa lawama hadithi inapokwisha. Hadithi inayomalizikia kwa mzimu wa marehemu mwenye kisa chake na dai lake haimdhuru mtu aliye hai. Hadithi inayomalizikia kwa kugundua kwamba bibi kizee wa nyumba ya tatu, mwenye macho mekundu na paka mweusi, ndiye aliyekuwa akiwatesa watoto wa mtaa, hiyo ina madhara tunayoyajua. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo yameharibiwa na miaka mingi ya kupuliza moto wa kuni na wa mavi ya ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa ahadi za waganga. Kitabu cha aina hiyo ningekiondoa hata kama hakimtishi mtoto hata kidogo, na vingi vyake havitishi, kwa kuwa huandikwa kwa kuchekesha. Linganisheni na Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960: maiti inakutwa mahali ambapo watu wanapaogopa, naye mpelelezi Bwana Msa anamtafuta muuaji aliye binadamu, mwenye sababu za kibinadamu. Haikuandikiwa watoto, lakini imeonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kumwingiza msomaji mzimuni na kumtoa bila kumkabidhi mchawi wa kumpiga mawe.

MZAZI, Tanga

Dada mkutubi, nimekusoma kwa makini, na umetutendea haki sisi wazazi tunaolalamika kwa kutotudhihaki. Hata hivyo hoja yetu umeipita pembeni. Kwangu mimi na kwa majirani zangu wengi majini si ushirikina. Ni viumbe waliotajwa katika Kurani, wana sura yao nzima, ya 72, na mwanangu amefundishwa kusoma Ayatul Kursiyyu kabla ya kulala. Kitabu cha nyumba yenye majini, kwa jinsi ninavyoviona, kina njia mbili za kumalizika. Ama sauti iliyokuwa darini inagundulika kuwa ni popo, na mtoto anaondoka na fununu kwamba baba yake na ustadhi wake wanaamini mambo ya kipuuzi. Ama ni jini kweli, na hapo lazima aletwe mganga na jogoo wake mwekundu, ubani wake na ujira wake, ili mtoto ajifunze kwamba kinga ya binadamu iko mkobani mwa mganga. Mwisho wa kwanza unanivunjia heshima, na wa pili unanivunjia dini. Nionyeshe wa tatu.

Pia usiidharau hofu kwa kisingizio cha zimwi. Zimwi tuliambiwa tangu mwanzo kwamba ni la hadithini, ndiyo maana tuliitikia "uongo njoo, utamu kolea". Mwaka 1995 Popobawa, jini la uvumi lililosemekana kuwavamia watu usiku, alipovuma Pemba na Unguja hakuna aliyeitikia hivyo. Watu wazima walilala nje kwa makundi, wakikesha kandokando ya moto, na mjini Unguja umati ukamuua mtu mwenye maradhi ya akili kwa kudhani kwamba ndiye. Hayo yaliletwa na midomo mitupu. Uvumi wa namna hiyo ukipigwa chapa, ukatiwa picha za rangi na kugongwa mhuri wa shule, mtoto atauchukuliaje?

MWALIMU WA DARASA LA SITA, Kilifi

Shikamoo mzee wangu wa Tanga. Nawe mkutubi, salamu. Mwisho wa tatu upo, na nitaueleza kwa mahali ninapopafahamu.

Huwa ninawapeleka wanafunzi kwenye magofu ya Gedi, karibu na Watamu, mji wa mawe ambao wakazi wake walikwisha kuuacha kufikia karne ya 17, na ambao mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hakuna mtoto wa huku asiyejua kwamba Gedi kuna wenyewe. Hata James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kupachimba mwaka 1948, aliandika kwamba siku za mwanzo alihisi kuna kitu kikimtazama kutoka nyuma ya kuta, kisicho na uadui wala urafiki, kinachongoja tu. Tunaposimama mbele ya kaburi lenye tarehe, lililochongwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399, watoto hunong'ona bila kuambiwa wanyamaze. Kisha majani makavu yanachakarika nyuma ya ukuta na darasa zima linakurupuka. Aghalabu ni sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu, akitafuta wadudu. Watoto wanamwona, wanacheka, lakini nimegundua kwamba kumwona sange hakuwaondolei ule mnong'ono. Wakirudi kaburini wananong'ona tena.

Tukirudi darasani nawapa insha moja: ni nani aliyeishi katika nyumba ile, na kwa nini hataki kuondoka? Siwaambii kwamba mizimu ipo, wala siwaambii kwamba haipo. Msichana mmoja aliandika juu ya mama anayeteremsha ndoo kila usiku katika kisima kilichokauka, akihesabu pingili za kamba, kwa sababu aliwaahidi wanawe kwamba hawatahama hadi amejaribu mara ya mwisho. Kukauka kwa visima ni mojawapo ya sababu ambazo wataalamu wanazitaja kuhusu kuhamwa kwa Gedi, pamoja na mashambulizi kutoka kaskazini na kusini, na sababu hizo mtoto yule alikuwa amezisikia kwa mwelekezi bila kuzijali; mzimu wake ndio uliomfanya azijali. Mzee wangu, katika insha ile hakuna popo, hakuna mganga, na itikadi yako haikuguswa.

Lakini na mkutubi ana jambo la kujibu. Anagawa vitabu katika makundi mawili, vya mizimu na vya wachawi, kana kwamba ukuta uliopo kati yao ni wa zege. Huku pwani jini likionekana katika nyumba swali linalofuata siku hiyo hiyo ni moja: nani kalituma? Jini la kutumwa lina mwenyewe, na mwenyewe ni jirani, mke mwenza au mjomba mwenye shamba. Nazungumza kutoka wilaya na kaunti ambako wazee wanauawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na ugomvi wa ardhi, hata wengine wamefikia kupaka mvi zao rangi nyeusi ili wasionekane wamezeeka. Kitabu kinaweza kutimiza sharti lako, kisimtaje mchawi hata mara moja, na bado mtoto akakijaza mwenyewe jina la nyanya yake.

MHARIRI WA VITABU VYA WATOTO, Nairobi

Naongeza neno dogo la biashara. Vitabu vya watoto huku vinauzwa hasa kwa shule, na ili kiuzwe kwa shule kitabu hupitia KICD, taasisi ya kukuza mitaala, kwa Kenya, na Taasisi ya Elimu kwa Tanzania. Mchapishaji akiona mswada una jini anajiuliza kwanza kama utapita, na mara nyingi anamshauri mwandishi amgeuze jini awe sungura. Matokeo yake ni kwamba hadithi zenye kuandikwa kwa uangalifu hazitoki, ilhali zile za mwanamke mrembo wa barabarani mwenye kwato za punda zinasambaa kwa simu, zikiwa na sauti ya kutisha na bila mhariri yeyote. Anayedhani anachagua kati ya mtoto mwenye mizimu na mtoto asiye na mizimu hajapanda gari la shule hivi karibuni.

MLETA MADA

Mwalimu, pingamizi lako ni zito na linanilazimisha kukaza sharti langu. Ni kweli kwamba kutomtaja mchawi hakutoshi. Mzimu unaofaa kuandikiwa mtoto ni ule wenye sababu yake yenyewe ya kuwapo mahali pale, ikasimuliwa kikamilifu kiasi kwamba swali la nani kautuma halipati nafasi. Mama yako wa kisimani hakutumwa na mtu. Vivyo hivyo nyumba ya Mambo Msiige pale Mji Mkongwe, iliyojengwa katikati ya karne ya 19 na ambayo leo ni sehemu ya hoteli: wenyeji husimulia kwamba mwenyewe alichanganya mayai katika chokaa na kuwazika watumwa wakiwa hai ndani ya kuta. Iwe kweli au la, mizimu ya kuta zile haina haja ya kutumwa na jirani. Inamdai aliyeijenga nyumba, na mtoto atakayeisoma atauliza juu ya utumwa kabla ya kuuliza juu ya hirizi. Vitabu vya jini la kutumwa, hata vikiandikwa kwa ustadi, nakubali kwamba mahali pake si shule ya msingi. Vikae sekondari, ambako kuna mwalimu wa fasihi wa kuvijadili.

Ndugu mzazi, kuhusu mhuri wa shule sikubaliani nawe. Uvumi una nguvu kwa sababu hauna mwanzo wala mwisho wala mtu wa kuuwajibikia. Unaweza kuendelea usiku wowote, katika nyumba yoyote. Hadithi iliyochapwa ina ukurasa wa mwisho, ina jina la mwandishi unayeweza kumwandikia barua, na mtoto akiogopa anaweza kurudi nyuma kurasa mbili kuona ni wapi alipotishwa na kwa maneno gani. Nimewaona wakifanya hivyo, wawili wawili juu ya kitabu kimoja, kidole kikiwa kwenye mstari, wakibishana kama mlango ulifunguka wenyewe au uliachwa wazi tangu mwanzo. Popobawa hakuwahi kusomwa hivyo.

MZAZI, Tanga

Mwalimu, marahaba, na insha ya kisima nimeipenda. Ningependa mwanangu aisome. Kwa hadithi za namna ile sina pingamizi. Bado nasimama palepale juu ya mwisho wa popo, na juu ya mganga nasimama zaidi, iwe shule ya msingi au sekondari. Tena simkubalii mkutubi kwamba yeye na mwalimu peke yao ndio wapime kipi kina jini la kutumwa na kipi hakina. Kamati iwe na wazazi, na wazazi wenyewe wakisome kitabu chote, si jalada. Kwa upande wetu kuna Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, makaburi ya mawe yenye minara na msikiti uliobomoka, na watoto wetu wanapita pale wakitazama pembeni. Mhariri wa Nairobi atuambie: mtu wa huku akiandika kisa cha Tongoni, kisicho na mganga wala sungura, atakipokea?