Mama amezuiwa kusafiri, mtoto ana wiki tatu: nani atanilea arobaini?

Kutoka: Mama Kichanga, Leicester
Jumatano, 10 Februari 2021

Asalaam aleikum, na habari zenu ndugu zangu wote.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Leicester na mume wangu. Tarehe 19 Januari nilijifungua mtoto wa kike, kwa upasuaji. Mama yangu alikuwa na viza mkononi na tiketi ya tarehe 26. Begi lilikwisha kufungwa: uwatu, pilipili manga ya kusaga, udi, doti nne za kanga, na ule mkaja wa kukaza tumbo la mzazi aliofungwa yeye aliponizaa mimi. Tarehe 21 jioni tukasikia kwamba kuanzia kesho yake saa kumi alfajiri, mtu aliyekuwa Tanzania ndani ya siku 10 haingii Uingereza isipokuwa awe raia au ana ukaazi. Sababu waliyotoa ni kile kirusi kipya kilichoonekana Afrika Kusini. Begi bado liko chini ya kitanda chake.

Jana wametangaza habari ya hoteli: pauni 1,750 kwa mtu mmoja, kukaa ndani siku 10. Kaka yangu akapiga simu, tuchange, tulipe. Nilipoisoma vizuri nikaona hoteli ni ya wale wenye ruhusa ya kuingia tu. Mgeni mwenye viza ya matembezi hata hizo pesa akiwa nazo harusiwi kukanyaga.

Mume wangu alipata wiki mbili za likizo ya uzazi, zimekwisha. Anafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Anaporudi saa moja asubuhi ndiyo kwanza usingizi umenichukua. Mshono unavuta nikiinuka. Juzi nimekula mkate mkavu kutwa nzima kwa sababu mtoto hakubali kuwekwa chini. Kwetu mzazi hashiki hata ufagio mpaka arobaini zitimie. Mama mkubwa anamwogesha mtoto, shangazi yuko jikoni, bibi anampokea mtoto usiku akishanyonya ili mzazi alale, na kuna mtu wa kufua, na kuna mtu wa kukaa tu na kuzungumza nawe. Nimehesabu watu watano. Hapa watano wote ni mimi.

Jioni machozi yananitoka, sijui ya nini. Mama akipiga simu ya video najifuta kwanza, halafu ndiyo napokea.

Naomba mliojifungua tangu Machi mwaka jana mniambie: mlifanyaje?

---

Kutoka: Mama wa Watatu, Milton Keynes
10 Februari 2021

Pole sana mdogo wangu, na hongera ya mtoto. Mimi wangu wa mwisho nilimzaa Aprili 2020, wiki zile ambazo hakuna aliyekuwa anajua lolote. Mume wangu aliruhusiwa kuingia chumba cha kuzalia tu, mtoto alipotoka tu akaambiwa arudi nyumbani. Nililala siku mbili wodini sina wa kunishikia mtoto nikienda chooni.

Kilichoniokoa ni hotpoti mlangoni. Wanawake sita wa huku kwetu waligawana siku. Mtu anapika, anaacha kizingitini, anagonga, anasogea mpaka getini, tunapungiana mikono. Jumatatu supu ya kuku, Jumanne mtori, Alhamisi uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Nilikula cha moto siku 40 na hakuna aliyeingia ndani. Lakini walianza pale nilipoacha kusema "niko salama, msijali." Sema una njaa. Mtu wetu akisikia mzazi ana njaa hatalala.

---

Kutoka: Mkunga, Reading
11 Februari 2021

Mwanangu, hongera, na Mungu akukuzie. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili nikiwa zamu. Nimekuwa mkunga miaka mingi, nyumbani na huku, kwa hiyo univumilie, nitaandika kwa urefu.

Kwanza, kuna ruhusa ambayo wenzetu wengi hawaijui. Tangu tarehe 2 Desemba, hapa Uingereza (England, sehemu nyingine zina sheria zao) nyumba yenye mtoto aliye chini ya mwaka mmoja inaruhusiwa kujiunga na nyumba nyingine moja, mkawa kama nyumba moja. Hata kama wewe una mume. Zamani ilikuwa kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja tu. Ukishajiunga, yule dada au yule mama anaingia ndani, anambeba mtoto, anapika jikoni kwako, analala kama ni lazima, na si kosa hata sasa tulivyofungiwa. Masharti ni kwamba ni nyumba moja tu, nayo isiwe imejiunga na nyingine. Kwa hiyo chagua vizuri. Usichague nyumba yenye heshima kubwa, chagua nyumba yenye mikono, na ambayo haina mtu anayetoka kutwa kwenda kwenye mikusanyiko. Mtu atakayekuja kukaa kwenye kochi na kungoja chai, huyo mwambie asubiri korona iishe.

Kuna na hili: kutembea nje na mtu mmoja mwingine kunaruhusiwa, kwa ajili ya mazoezi, na mtoto wa chini ya miaka mitano hahesabiwi. Mfunge mtoto kifuani, tembea na rafiki dakika kumi. Mshono ukikuruhusu, ongeza.

Pili, machozi. Siku za mwanzo baada ya kuzaa karibu kila mzazi hulia, hupita. Lakini wewe sasa una wiki tatu, na unajificha mama yako asikuone. Hilo sitaki ulibebe peke yako. Piga simu zahanati uliyojiandikisha, sema maneno hayahaya uliyotuandikia: nalia kila jioni, sijui kwa nini. Au mwambie yule nesi anayefuatilia watoto majumbani, namba yake iko kwenye kitabu chekundu cha mtoto, kile ambacho ni kama kadi yetu ya kliniki. Yeye hata akiwa anahudumia kwa simu siku hizi, kazi yake ni wewe vilevile, si mtoto peke yake. Sonona ya uzazi ni ugonjwa, ina tiba, na dawa zipo ambazo mtu anatumia huku ananyonyesha. Na ikikujia fikra ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hapo husubiri asubuhi, unapiga 111 ya ushauri wa afya au 999 ya dharura saa hiyohiyo. Hakuna atakayekunyang'anya mtoto kwa kuomba msaada. Najua ndiyo hofu ya wengi wetu, ndiyo maana nakuandikia wazi.

Tatu, mambo ya nyumbani. Bibi zetu walijua mengi, nami nayafuata, ila machache tuyaache. Umepasuliwa: usikandwe tumbo kwa maji ya moto, na mkaja usikazwe juu ya mshono. Mgongo na miguu kwa kitambaa cha uvuguvugu, hiyo raha jipe. Asali mtoto asilambishwe mpaka atimize mwaka. Wanja wa manga machoni pake, hapana, aina nyingi zina madini ya risasi. Maji hapewi, maziwa yako yanamtosha. Ukiona titi limekuwa gumu, lina moto, na wewe una homa, usingoje tiba za nyumbani za kabichi wala kitana, piga simu. Mshono ukitoa usaha au harufu, vivyo hivyo.

Anayenyonya apewe matone ya vitamini D kila siku tangu kuzaliwa, mikrogramu 8.5 hadi 10. Jua la huku halitufai sisi wenye ngozi nyeusi. Na uliza BCG, chanjo ya kifua kikuu. Huku hawachomi kila mtoto. Wanachoma yule ambaye mzazi au babu na bibi zake wametoka nchi yenye kifua kikuu kingi, na Tanzania imo. Nimeona watoto wetu wengi wanarukwa kwa sababu mzazi alidhani imeshafanyika hospitalini, kama nyumbani. Chanjo za wiki 8, 12 na 16 ziko palepale, korona haijazifuta. Nenda.

Mama yako msimpigie ili aone mtoto tu. Mpeni kazi.

---

Kutoka: Baba wa Mapacha, Birmingham
11 Februari 2021

Shikamoo Mkunga. Dada, hongera. Mimi nina neno kwa shemeji.

Wetu walizaliwa Juni, mama mkwe yuko Moshi. Hilo la kumpa bibi kazi tulilifanya bila kuambiwa, ilitulazimu. Sikuwahi kuogesha mtoto maishani mwangu. Kwetu mwanamume chumba cha mzazi anachungulia tu. Tuliegemeza simu kwenye kopo la sukari, mama mkwe akawa ananielekeza: shika shingo, kiganja kiwe chini ya kwapa, paji la uso kwanza, maji jaribu kwa kiwiko. Siku ya kwanza nilitetemeka, yeye akawa anasema "taratibu baba, taratibu baba." Saa kumi na moja kila jioni hakukosa. Baada ya mwezi alikuwa akinyamaza tu, anatazama.

Shemeji kabla ya kulala asubuhi akae na mtoto kwa muda wa saa mbili, wewe ulale mlango umefungwa. Kisha azungumze na msimamizi wake kuhusu zamu ya mchana kwa miezi miwili. Mimi niliomba nikijua nitakataliwa, nikapewa.

Kuhusu karatasi: kusajili kizazi ni siku 42, lakini ofisi nyingi zimesimama au zina foleni, usiogope. Posho ya mtoto unaweza kuomba kabla ya cheti cha kuzaliwa. Ni pauni 21.05 kwa wiki kwa mtoto wa kwanza, na wanarudisha nyuma miezi mitatu tu, kwa hiyo usichelewe. LAKINI tazama kwanza kadi zenu za ukaazi. Kama imeandikwa hamruhusiwi fedha za umma, msiombe, posho hiyo ni mojawapo, itawaharibia viza.

---

Kutoka: Kijana wa Pwani, Luton
12 Februari 2021

Mama si aende Nairobi akae siku 10, kisha apande ndege? Kenya haimo kwenye orodha ya nchi zilizozuiwa.

---

Kutoka: Baba wa Mapacha, Birmingham
12 Februari 2021

Kwa hesabu ya sheria inawezekana, ndugu yangu. Ila fikiria mama mtu mzima peke yake siku 10 Nairobi, gharama ya kulala, vipimo, na akiwa katikati Kenya nayo ikaingizwa. Dubai ilikuwa wazi, tarehe 29 Januari ikafungwa kwa tangazo la siku moja. Wangu nisingemtuma.

---

Kutoka: Mama Kichanga, Leicester
Jumapili, 28 Februari 2021

Leo ni arobaini ya binti yangu. Mlichonifanyia sina maneno.

Siku ileile ya ujumbe wa Mama Mkunga nilimpigia dada mmoja wa Pemba anayekaa mitaa miwili kutoka kwangu. Tulijuana kwa salamu za dukani tu. Nilimuuliza kama nyumba yake imejiunga na yeyote. Akasema, "Hapana, na nilikuwa naona haya kukuuliza." Anakuja saa nne, akiondoka saa nane mimi nimelala, nimeoga na nimekula. Usiku huwa ameacha mchuzi wa samaki kwenye sufuria.

Zahanati niliwapigia. Nilinyamaza kwanza, kisha nikasoma ujumbe wangu kwenu neno kwa neno, kama nilivyoambiwa. Nimeanza kuongea na mtu kila Jumanne kwa simu. Mama nilimwambia pia. Alikaa kimya, halafu akaniambia naye alilia miezi mitatu aliponizaa, na hakumwambia mtu mpaka leo.

BCG walikuwa hawajamchoma. Ana miadi wiki ijayo.

Akika ilifanyika Tanga, mbuzi mmoja, mama ndiye aliyesimamia. Leo dada wa Pemba alimtoa mtoto nje, akamfukizia udi barazani, mama akiwa kwenye simu anasoma dua. Baridi ilikuwa kali, tukarudi ndani upesi.

---

Kutoka: Mama Kichanga, Leicester
Jumapili, 24 Oktoba 2021

Najua mada hii imelala muda mrefu, ila mlinibeba nayo na nyinyi ndio ninaotaka mjue.

Tarehe 9 Aprili waliifunga na Kenya. Kijana wa Pwani, nilikukumbuka siku hiyo, maana mume wangu alikuwa ameshaanza kutafuta tiketi ya Nairobi. Tanzania imetolewa kwenye orodha tarehe 11 mwezi huu, na tarehe 13 mama amefika. Hakuwa amechanjwa, kwa hiyo alipimwa kabla ya kuondoka, na sheria ikamtaka akae nyumbani siku 10 bila kutoka. Jana zimekwisha.

Nilikuwa nazihofia hizo siku 10. Nilidhani atachoka kufungiwa. Kumbe hakuwa na habari na nje. Alikuja na begi lilelile, uwatu wa mwezi wa kwanza ameutoa ametia mpya. Alfajiri ya kwanza nilisikia maji yanachemka jikoni. Mtoto ana miezi tisa, anatambaa, anashika meza na kusimama. Nikamwambia mama, mimi si mzazi tena. Akasema, "Nani amekuogesha?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi bado."

Siku zote 10 sikushika ufagio. Mshono umepona, kwa hiyo alinikanda mgongo na kiuno kama alivyotaka. Mtoto sauti yake alikuwa anaijua, akaenda kwake siku ya pili bila kulia. Usiku akiamka, mama anamchukua, mimi nageukia ukutani.

Mkaja alinifunga jana usiku. Ulizunguka mara mbili na ukabaki mrefu. Akaupima kwa kidole, hakusema kitu, akaenda jikoni kuroweka uwatu.