Kengele za saa sita usiku

*Kikundi: Wakazi wa Ghorofa, Upanga*
*Jumamosi, 16 Agosti 2025*

Mama Nilesh Gh.3: Habari za asubuhi majirani. Leo usiku saa sita kamili mtasikia kengele na makofi kwangu, dakika kumi hivi. Ni Janmashtami, sikukuu yetu Wahindu ya kuzaliwa kwa mungu wetu Krishna. Wenye watoto wachanga mnisamehe.

Baba Zai Gh.1: Piga tu mama. Kengele hazina shida, shida ni ile pampu ya maji.

Mwenyekiti: Baba Zai, la pampu tulishalifunga.

Bi Rehema Gh.2: Hongera mwanangu. Ila nimechanganyikiwa. Salum wangu kanitumia picha toka Mumbai, anasema huko kazaliwa jana.

Salum: Shikamoo Bibi. Ndiyo, huku amezaliwa jana usiku, leo ni kuvunja chungu. Niko barabarani, nimelowa chapachapa.

Bi Rehema Gh.2: Marahaba. Mtu mmoja anazaliwaje siku mbili?

Mama Nilesh Gh.3: 😄 Bibi, tunatafuta siku ya nane ya mwezi unaofifia. Mwaka huu hiyo siku ya nane imeingia India jana karibu na saa sita usiku, na itatoka leo usiku. Wengine wameshika usiku uleule. Sisi tunaangalia jua limechomoza siku ya ngapi, ndiyo tunaihesabu.

Baba Zai Gh.1: Kumbe na nyie mna mambo ya mwandamo!

Bi Rehema Gh.2: Usinikumbushe. Ukuta mmoja, huku biriani, huku wamefunga.

Salum: Subirini kwanza. Mwenzangu wa chumba ni mtu wa Kerala, kusini mwa India, yeye hata hajaanza. Kwao ni mpaka 14 Septemba. Wana mwezi wao unaofuata jua, Chingam, na wanataka siku ya nane ikutane humo na nyota ya Rohini. Anacheka anasema nyie wote mmewahi.

Mwenyekiti: Mwezi mzima tofauti?

Salum: Karibu mwezi, mwaka huu. Miaka mingine wanaangukia siku moja.

Da Mwajuma (Chennai na Mama): Asalaam aleikum. Mama anaendelea vizuri, jana wamemtoa nyuzi. Sasa sikieni ya kwetu. Nimeamka alfajiri nakuta nyayo za mtoto sakafuni. Nyeupe, ndogo hivi, zinaanzia kizingitini, zinakata ukumbi, zinaingia chumba cha sala cha mwenye nyumba. Nikasema huyu mtoto wa jirani kakanyaga unga. Nikashika tambara.

Mama Nilesh Gh.3: Usifute!!!

Da Mwajuma (Chennai na Mama): Umechelewa dada. Mbili zilishakwenda.

Bi Rehema Gh.2: Ya Rabi.

Da Mwajuma (Chennai na Mama): Mwenye nyumba, tunamwita Amma, hakusema kitu. Kaleta bakuli la unga wa mchele uliokorogwa na maji. Kakunja ngumi, kachovya ule ubavu wa upande wa kidole cha mwisho, kagonga sakafu mara moja. Unyayo huo! Halafu kwa ncha ya kidole akadondosha vidole vitano, kimoja kimoja, kile kikubwa kwanza. Mkono wa pili ndiyo mguu wa pili. Zote zinaelekea ndani, hakuna hata mmoja unaotoka.

Bi Rehema Gh.2: Mtoto anaingia nyumbani.

Da Mwajuma (Chennai na Mama): Ndivyo alivyosema. Sasa Mama naye kakataa katakata kuzikanyaga. Na lile gongo lake anapita kando ya ukuta kama kaa. Kwenda chooni safari ya robo saa.

Baba Zai Gh.1: 😂😂 Mpe pole Bi Mkubwa.

Mama Nilesh Gh.3: Mimi sikukulia na nyayo hizo. Kwetu ni upande wa Jamnagar, Gujarat, sherehe inaanza siku mbili kabla. Alhamisi nilipika mpaka usiku. Ijumaa jiko haliwashwi kabisa, ni siku ya Shitala, mungu mama wa ndui. Mnakula vilivyolala, baridi. Ndiyo maana jana Nilesh alikuja kwako Bibi akiomba chai.

Bi Rehema Gh.2: Nilijiuliza! Kanywa vikombe viwili.

Mama Nilesh Gh.3: 🙈 Mama mkwe asijue. Yeye jiko aliliosha, akaliwekea maua, likapumzika kama mtu. Leo tumefunga, nafaka hapana, viazi na karanga na maziwa ruksa. Na kule kwetu mwezi huu wote ni karata.

Baba Zai Gh.1: Karata za pesa?

Mama Nilesh Gh.3: Za pesa. Bibi zangu walikuwa hatari. Polisi wanakamata kila mwaka na watu wanacheza kila mwaka.

Mwenyekiti: Ghorofa hii hapana.

Da Mwajuma (Chennai na Mama): Huku karata sijaona, kuna mabomu. Amma anakaanga vidude vya unga wa mchele, duara kama gololi, vinaitwa seedai. Kachekecha unga mara tatu, kavitandaza kwenye kitambaa vikauke, kisha kimoja kimoja anakitoboa na pini. Nikamuuliza kwa ishara, pini ya nini? Kanionyesha kovu kwenye paji la uso. Hewa ikinasa ndani, kinalipuka kwenye mafuta. Tumefukuzwa jikoni wote.

Salum: Na huku watu wanalipuka wenyewe. Chungu cha mtindi kimefungwa kwenye kamba kati ya majengo mawili, juu kama ghorofa ya nne. Chini wanaume wamekumbatiana mabega, duara kubwa, wengine wanapanda mabegani mwao, duara linapungua, mpaka anabaki mtoto mmoja na kofia ngumu na kamba ya usalama. Watu wa madirishani wanawamwagia maji. Nimeona moja ikiporomoka kama kichuguu cha mchanga. Wakanyanyuka wakicheka. Mmoja hakunyanyuka, wakambeba.

Bi Rehema Gh.2: Salum, wewe usipande.

Salum: Sipandi Bibi. Nashika maji ya kunywa ya wenzangu.

Baba Zai Gh.1: Na serikali inaangalia tu?

Salum: Wamevutana sana mahakamani. Mwaka 2012 timu moja pale Thane, jirani na Mumbai, ilifika matabaka tisa, mita 13 na kidogo, ikaingia kitabu cha rekodi cha Guinness. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Bombay ikasema mwisho futi 20, na wa chini ya miaka 18 asipande. Mwaka 2017 urefu ukaachiwa, umri ukashushwa mpaka 14. Mimi naona wanasiasa ndio tatizo. Wanaweka zawadi kubwa, halafu bango la sura zao linalizidi la Krishna.

Bi Rehema Gh.2: Chungu chenyewe kiliwekwa juu kwa nini?

Mama Nilesh Gh.3: Krishna alikuwa mwizi wa siagi. Kina mama wa Gokul, kijiji alikolelewa, wakaona dawa ni kutundika vyungu darini. Naye akawapanga wenzake, akapanda mabegani.

Bi Rehema Gh.2: Susu! Bibi yangu Pangani alikuwa nayo jikoni, imening'inia, samaki wanawekwa humo paka asifike. Na kitanda cha mtoto cha kuning'inia nacho tukiita susu.

Mama Nilesh Gh.3: Basi hiyo ndiyo ninayopamba sasa hivi. Saa sita namlaza Krishna wa shaba ndani, kila mtu anavuta uzi kumbembeleza.

Zai: Shikamooni. Kwa nini saa sita usiku?

Mama Nilesh Gh.3: Marahaba mwanangu. Kazaliwa usiku wa manane gerezani, Mathura. Mjomba wake mfalme alikuwa anaua kila mtoto wa dada yake. Huyu wa nane, baba yake kamvusha mto Yamuna usiku uleule, kampeleka Gokul kulelewa. Njoo na Nilesh uvute uzi, baba akiruhusu.

Baba Zai Gh.1: Aende. Saa sita na robo awe kitandani.

Mama Nilesh Gh.3: Jamani, nani ana sufuria kubwa? Maziwa yamenizidi.

Bi Rehema Gh.2: Ninalo la pilau.

Mama Nilesh Gh.3: Asante Bibi, ila hilo limepikiwa nyama...

Bi Rehema Gh.2: Nimeelewa. Lipo la uji wa Ramadhani, nyama hailijui. Nilesh aje alichukue.

*Jumapili, 17 Agosti*

Baba Zai Gh.1: Saa 6:05. Zimesikika mpaka huku chini. Zai hataki kurudi, anasema zamu yake ya uzi bado.

Da Mwajuma (Chennai na Mama): Huku tumeshalala tukaamka tena. Mama kala seedai kumi na tatu. Daktari asiambiwe.

Bi Rehema Gh.2: Nilesh asubuhi aniletee sufuria langu. Na lisije tupu.