Msaada: NVDA inasoma menyu vizuri, ikifika kwenye notsi inanyamaza

mwl_tehama
Habari za kazi wakuu. Sekondari yetu ina kitengo cha wasioona, tumepata laptopu tano za Windows 10, RAM 4GB. Nimeweka NVDA, programu ya kisoma skrini inayotamka kilichoko kwenye skrini, na menyu inazisoma bila tatizo. Lakini PDF za notsi haitamki hata neno, notsi za Kiswahili za Word inazisoma kwa lafudhi ya Kizungu hadi hazieleweki, na milinganyo ya hesabu inairuka. Wanafunzi wawili wana uoni hafifu, hao niwape nini? Intaneti yetu ni ya kubahatisha.

nukta_sita
Mwalimu, NVDA haina kosa. Hizo PDF ni picha za skana au simu, na kisoma skrini hakioni herufi ndani ya picha. Fungua faili, jaribu kuchagua neno moja kwa mausi. Likikataa kushikika, ni picha.

Kwa dharura: panua ukurasa ujae skrini, bonyeza NVDA+R (kitufe cha NVDA kwa kawaida ni Insert). Windows itayatambua maandishi, mwanafunzi atayasoma kwa mishale, kisha Esc kutoka. Haihitaji intaneti, ila inasoma kile tu kinachoonekana kwenye skrini. Lugha ya utambuzi huo ikiwa ni Kiingereza bado itashika Kiswahili kwa sehemu kubwa, maana herufi ni zilezile; kagua ng' hasa, hapo hukosea. Skani kwa ubora wa dpi 300 (nukta kwa kila inchi), karatasi inyooke, kivuli kisiingie. Ukurasa wenye safu mbili mara nyingi huchanganywa, mstari wa kushoto ukaungana na wa kulia. Notsi za mwandiko wa mkono zichapwe upya tu.

fundi_sauti
Lafudhi ina sababu mbili. Kwanza sauti: NVDA+Ctrl+S, chagua eSpeak NG (injini ya sauti inayokuja na NVDA), kisha NVDA+Ctrl+V uchague Kiswahili. Pili, na hapa ndipo wengi wanakwama, Word yenyewe imeyawekea maandishi alama ya Kiingereza, na NVDA inaifuata alama hiyo. Ctrl+A, nenda Review, Language, Set Proofing Language, weka Kiswahili, hifadhi. Kama faili ni nyingi, ingia mipangilio ya sauti ya NVDA uzime ubadilishaji lugha wa kiotomatiki. Ila hapo notsi za Kiingereza nazo zitasomwa Kiswahili mpaka ubadilishe sauti.

Sauti ya eSpeak ni kavu, anza na kasi ndogo. Ruhusu pia Caps Lock iwe kitufe cha NVDA, kwa sababu laptopu nyingi zina Insert ndogo iliyojificha. Hedifoni avae sikio moja, la pili limsikilize mwalimu.

mama_hisabati
Naongezea upande wa walimu wanaoandaa notsi, maana kazi kubwa iko kwao. Vichwa vya habari viwekwe kwa Ctrl+Alt+1 na Ctrl+Alt+2, si kukoza wino tu. Mwanafunzi akibonyeza NVDA+Space kisha H, anaruka kichwa hadi kichwa. Bila hivyo atasikiliza kurasa 30 kutafuta aya moja. Ukitaka PDF tumia Save As, kwenye Options uache alama ya tiki kwenye document structure tags. Ukipitia Print to PDF, vichwa vyote vinapotea.

Milinganyo iandikwe kwa Alt na =, isibandikwe kama picha. NVDA iongezewe MathCAT, kiongezi kinachoiwezesha kusoma hesabu, na Word iwe toleo jipya. La zamani halitoi mlinganyo kwa kisoma skrini. Hata hivyo msiweke kabatini mashine ya nukta nundu. Kufungua mabano hatua kwa hatua kwa kusikiliza tu kunamchosha mtoto, anahitaji kuigusa hatua ya juu akiwa anaandika ya chini. Grafu: manila, uzi uliobandikwa kwa gundi, mhimili uzi mnene, mchoro uzi mwembamba. Gundi ikauke kabisa kabla hajapapasa, la sivyo uzi unahama na grafu inadanganya.

mwl_tehama
Nashukuru sana. Na wale wa uoni hafifu?

nukta_sita
Wasilazimishwe NVDA kama bado wanasoma kwa macho. Windows na + inafungua kikuza skrini, Ctrl+Alt+I inageuza rangi iwe herufi nyeupe juu ya weusi, Windows na Esc inafunga. Ukikuza mno mstari unatoka nje ya skrini na mtoto anapotea. Afadhali ukuze fonti ndani ya Word, mstari unajikunja wenyewe. Kama mmoja ana ualbino, punguza mwanga wa skrini na asikae akitazama dirisha.