Re: Kupandikizwa uloto kwa sikoseli, baada ya miaka mingi inakuwaje?

Dada, salamu. Mimi ni mgonjwa mwenyewe, nilipandikizwa nikiwa na miaka 14, uloto (ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) alinitolea kaka yangu, na huu mwaka wa 11 sijaongezewa damu hata chupa moja.

Kupona watu wanapona. Kuna utafiti ulitoka 2017, wagonjwa 1,000 waliotolewa uloto na ndugu wa tumbo moja waliolingana nao kabisa kwenye vipimo vya tishu, baada ya miaka 5 karibu 93 katika kila 100 walikuwa hai, waliofanyiwa chini ya miaka 16 ni 95 ila waliozidi hapo 81, kwa hiyo kama mtoto kashapata ndugu wa kulingana naye jamani msisubiri akue.

Ila uloto mpya unatengeneza damu mpya, hauji kurekebisha kilichoharibika zamani. Nyonga yangu ya kushoto mfupa ulishakufa kabla, na mpaka leo nikipanda ngazi lazima nishike ukuta.

Halafu hili la uzazi. Kipimo changu cha damu sasa kinasoma AS kama cha kaka (A ni jini nzima, S ni ya sikoseli; AS amebeba tu, SS ndiye mgonjwa), hata grupu la damu limegeuka la kwake, lakini mayai yangu ni yale yale ya mtu wa SS, maana yake kila mtoto nitakayemzaa atachukua S kwangu, mchumba akiwa AS basi kila mimba ni nusu kwa nusu mtoto awe mgonjwa, ndiyo maana nilimwomba akapime kabla ya mahari. Na hapo nina bahati, kemo, zile dawa kali za kuua uloto wa zamani kabla ya kupandikizwa, ilinikata hedhi miezi mingi ikarudi, wapo wenzangu haikurudi kabisa. Siku zile hakuna aliyetuambia kitu kuhusu uzazi wala kuhifadhi mayai, si mimi si mama, na hilo linaniuma bado.

Chanjo za utotoni utarudia karibu zote. Ukihama nchi beba ripoti ya upandikizaji mwenyewe, usitegemee hospitali zitumiane.

> Asante mdogo wangu, nimelia. Binti yangu ana miaka 9, mdogo wake kalingana naye. Kuhifadhi mayai yake naulizia wakati gani?

Kabla ya kemo ya kwanza dada, ikishaingia mshipani umechelewa. Kwa umri wake waulize kuhusu kugandisha kipande cha ovari, na jibu lao waliandike kwenye faili.