Naombeni ushauri: kujifunza uandishi wa habari mtandaoni kwa kusoma blogu za waandishi

Mwanakihonda: Habari zenu wakuu. Nipo Morogoro, nimemaliza diploma ya uandishi wa habari ila chuoni tulikazania redio na gazeti, ya mtandaoni tuligusa juu juu tu. Kozi za kulipia sina uwezo kwa sasa. Mwalimu mmoja aliniambia nisome blogu za waandishi wenyewe, nimeanza, lakini nasoma stori naifurahia naishia hapo, sijui hasa niangalie nini. Na nianze na zipi?

Mzee wa Deski: Karibu mdogo wangu. Kama kiingereza kinapanda anza na Paul Bradshaw wa Uingereza, Online Journalism Blog. 2007 alieleza habari moja inavyokua mtandaoni, inaanza taarifa fupi, inakuja rasimu, stori kamili, muktadha, uchambuzi, mpaka msomaji nae anachangia. Sasa usiisome tu, ichukulie tukio la huko kwenu. Tuseme mafuriko Kilosa. Saa mbili asubuhi unatoa sentensi mbili, wapi na nani kathibitisha, basi. Mchana unaongeza sauti ya mkazi na barabara ipi haipitiki, jioni ndo unauliza kwanini mto unajaa palepale kila masika, na link ya stori ya mwaka jana unaiweka humo humo.

Dada Picha: Mimi namtaja Michuzi, blogu yake ipo tangu 2005 na mwenyewe katokea kwenye upigaji picha za magazeti. Angalia maelezo chini ya picha, nani yuko kushoto, cheo chake, wapi, shughuli gani. Vijana wengi mnarusha picha haina hata jina, inaniuma sana aisee maana hiyo picha kesho mtu anaichukua anaipa habari nyingine kabisa.

Kokoriko: Naunga mkono, na ndo maana nakushauri usome PesaCheck na JamiiCheck, hizi ni kurasa za kuhakiki habari zinazosambaa kama ni za kweli. Usikimbilie jibu la kweli au uongo, soma walifikaje hapo: picha waliitafuta kwa Google ikaonekana lini mara ya kwanza, walimpigia nani. Halafu chukua picha moja inayozunguka WhatsApp ufanye hivyohivyo mwenyewe.

Mtu wa Kazi: Kusoma peke yake hakutoshi wakuu, tusimdanganye dogo. Asome moja aandike moja. Ila ukitaka kufungua blogu yako ya habari pitia kwanza kanuni za maudhui mtandaoni, zilitoka 2018 na zimerekebishwa baadae, leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ni lazima kwa habari.

Mwanakihonda: Asanteni sana, nimepata mwanga. Kwahiyo kabla ya leseni niandike wapi?

Mzee wa Deski: Andika kwenye Google Docs, stori moja kwa wiki, uwapelekee wahariri wa blogu zenye leseni kama sampo. Mhariri akikurudishia imejaa masahihisho usiifute, hiyo itunze.