Waleti nyembamba ya vitu vilivyokwisha tumika: tyubu, turubai, salfeti au ngozi ya sangara?

Igoma_Kwetu
Mwangaluka wakuu. Nataka kubadilisha waleti, safari hii nataka nyembamba kabisa ya kukaa mfuko wa mbele, na iwe imetengenezwa na kitu kilichokwisha fanya kazi yake nyingine, sio ngozi mpya wala ile reksini ya madukani inayobanduka maganda. Ndani naweka NIDA, leseni, kadi ya benki, kadi ya bima na noti chache, sarafu hapana. Nimezunguka Makoroboi na Mlango Mmoja hapa Mwanza nimeona za tyubu, za turubai, za mabango ya matangazo, alafu kuna jamaa kanionyesha ya ngozi ya samaki, sangara, ndo nikachanganyikiwa kabisa. Bei zinaanzia 8,000 mpaka 35,000 hiyo ya sangara. Kazi yangu ni kushinda barabarani na pikipiki, mvua yangu jua langu, kwa hiyo waliozitumia naomba mnilinganishie: ipi nyembamba kweli, ipi inavumilia maji, ipi haichaniki mapema.

Fundi_Mabatini
Mkuu kabla ya kuuliza imetengenezwa na nini uliza unene, maana waleti nyembamba ni hesabu. NIDA, leseni na kadi ya benki zote ni saizi moja, milimita 85.6 kwa 54, unene 0.76. Kadi zako nne zikilaliana ni kama milimita 3, hizo huzikwepi. Kinachonenepesha ni kuta za waleti yenyewe. Kipochi cha kadi chenye mfuko mmoja mbele, mmoja nyuma na nafasi ya noti katikati kina kuta nne. Kikishonwa kwa tyubu ya lori ambayo inakaribia milimita 2 na nusu, hapo una milimita 10 kabla hujaweka hata kadi moja! Kwa tyubu ya baiskeli yenye unene wa kama milimita 1 kuta zile zile nne zinakupa 4 tu. Ya pikipiki iko katikati. Sasa nyingi unazoziona mtaani ni za lori kwa sababu kipande chake ni kipana na kinatulia mezani, ya baiskeli inapinda kufuata rimu na inataka uvumilivu kwenye kukata. Kwa hiyo ukiambiwa "hii ya tyubu" usiishie hapo, muulize tyubu ya nini.

Mama_Mwaloni
Naomba niseme na mimi kwa upande wetu wa Kirumba maana hapa mmezungumza mifuko ya suruali tu. Mimi nauza dagaa, mikono yangu imelowa tangu alfajiri na nguo yangu ni gauni na kitenge, mfuko hakuna. Kipochi changu ni cha tyubu, kina kitundu pembeni nimepitisha kamba ya kuvaa shingoni. Nilikuwa na cha jinzi za mitumba, kizuri kwa macho lakini kikilowa hakikauki mpaka kesho yake na harufu ya dagaa ikishaingia kwenye kitambaa ndo imehamia humo. Cha tyubu jioni nakiosha na sabuni ya mche, nakipangusa, basi. Ila kijana wangu ujue tyubu inaziba hewa, noti zikiingia na unyevu zinabaki na unyevu, usiku lazima uzitoe zipumue. Na kwenye daladala iliyojaa siogopi, mpira unang'ang'ania nguo, mtu hakuchomoi hivi hivi.

Igoma_Kwetu
Asante sana mama, hilo la noti sikulifikiria. Ila kama inang'ang'ania nguo na mimi si nitahangaika kuitoa kwenye jinzi nikiwa juu ya pikipiki na abiria anasubiri chenji?

Nyegezi_Stendi
Utahangaika ndiyo, ndo maana mi naipigia debe turubai la lori. Linateleza vizuri mfukoni, maji halipitishi, na haliwi zito. Huu mtindo sio mgeni, ndugu wawili Markus na Daniel Freitag walianza Zürich kule Uswisi mwaka 1993 kushona mabegi kwa maturubai ya malori yaliyokwisha safari, na mikanda ya siti za gari ikawa ndo mikanda ya begi, mpaka leo kampuni yao inauza na waleti pia. Uingereza nako Elvis & Kresse wao walianza 2005 na mipira ya zimamoto ya London iliyokuwa inatupwa. Mambo mazuri lakini ukiagiza kutoka huko ukaweka na usafiri ni hela ya tyubu mpya kwa mwaka mzima, na sisi hapa malori ya mizigo yanapita Usagara kila siku, turubai lililochoka linapatikana. Mimi sioni sababu ya kuagiza taka ya Ulaya ije Mwanza.

Ila usichanganye turubai na bango la matangazo. Bango ni plastiki nyembamba mbili zimebana wavu wa nyuzi katikati, likishakaa juani barabarani miezi limekakamaa, ukilikunja pale pale kwenye mkunjo linapasuka rangi kwanza alafu wavu unatokeza. Hizo za 8,000 ulizoziona najua ndo hizo. Kabla hujalipa ikunje mara kadhaa ukibana na kucha kwenye mkunjo, ukiona mstari mweupe rudisha mezani.

Bwiru_Dada
Naongezea salfeti, watu wanaidharau. Mfuko wa salfeti wa mchele au wa chakula cha kuku ni mwembamba kuliko vyote mlivyotaja, ukikunja kuta nne hata milimita 1 haufiki kama umeshonwa vizuri. Mimi natumia kwa kadi mbili na noti, naisahau kama ipo. Shida yake ni pindo, nyuzi zinafumuka, lazima aliyekata apitishe moto kidogo pembezoni ziyeyuke zishikane, na hata hivyo kwa mtu wa pikipiki sidhani kama itamaliza mwaka. Kwa mtu wa ofisini inatosha kabisa.

Pakiti za maziwa na juisi pia wapo wanaozikunja zikawa waleti, ile karatasi ina plastiki na aluminiamu ndani yake. Nyembamba, nzuri kwa mtoto wa shule, ila kwenye mkunjo inachoka haraka. Sikushauri.

Ilemela_Ngozi
Nimeingia kwa sababu ya sangara. Nilisoma mambo ya ngozi pale DIT kampasi ya Mwanza, ambayo zamani ndo kilikuwa chuo cha teknolojia ya ngozi, kwa hiyo hili naliongea kwa mapenzi. Viwanda vyetu vya minofu vinatoa mnofu kwenda nje, mapanki (mifupa na vichwa) yanakaangwa, mabondo (vile vibofu vya hewa) yana wateja wake wa Asia wenye hela nzuri, ngozi ndo inabaki kuwa mnyonge wakati ni mali. Nyuzi za ngozi ya samaki zimepishana huku na huku kama mkeka, ndo maana inakuwa ngumu kuchanika hata ikiwa nyembamba, milimita 1 au chini ya hapo inatosha. Kwa waleti nyembamba ukiniuliza mimi hakuna ya kuishinda.

Ila ujue kuichagua. Pitisha kidole kutoka upande wa kichwa kwenda mkiani kinateleza, rudisha kinyume unasikia vimifuko vya magamba vinakwaruza. Fundi anayejua anaikata ili upande wa kichwa uelekee chini, waleti ikiingia mfukoni inashuka yenyewe. Asiyejua anakata anavyotaka, alafu kila ukiiingiza mfukoni vile vimifuko vinanasa uzi wa suruali. La pili ni harufu. Ngozi iliyokamilishwa vizuri hainuki samaki. Chukua kitambaa kibichi lowesha kona moja ya ndani subiri kidogo alafu nusa. Ikinuka hapo dukani, ikipigwa na mvua ya Mwanza itanuka zaidi. Kuna duka moja hapa mjini, sitalitaja, waliniuzia mkanda ambao ulinuka wiki ya kwanza ya mvua za Machi na kurudisha wakakataa, kwa hiyo mi siku hizi nalowesha mbele ya muuzaji na akigoma naondoka.

Nyegezi_Stendi
Mkuu nakuheshimu lakini mwenye mada kasema anataka kitu kilichokwisha fanya kazi nyingine. Ngozi ya sangara haijawahi kufanya kazi nyingine, ni ngozi mpya tu ya mnyama mwingine.

Ilemela_Ngozi
Ilimfanyia kazi sangara mwenyewe. Alafu hoja yangu ni kwamba sangara anavuliwa kwa ajili ya minofu, ngozi inatoka iwe itatumika au itatupwa, hakuna samaki anayevuliwa ili mtu apate waleti. Tyubu yako nayo haikutengenezwa iwe waleti. Kwangu zote ziko kundi moja, ni kuokoa kinachopotea.

Nyegezi_Stendi
Kwa kuokoa nakubali. Kwa "kilichotumika" bado sijakubali.

Mama_Mwaloni
Sisi hapa mwaloni tunaziona ngozi zikipita kila siku, kama mtu atalipwa kwa hizo mimi simpingi. Lakini 35,000 kwa kijana wa bodaboda naona ni nyingi mwanangu, hiyo ni mafuta ya siku ngapi.

Bwiru_Dada
Na mkanda wa siti za gari? Nimeona mtu anashona waleti kwa mikanda ya gari zilizokatwa spea, ilikuwa imara sana.

Fundi_Mabatini
Imara ni kweli dada, ule ukanda hauchaniki kwa mkono. Tatizo upana. Mkanda wa siti una kama milimita 48 na kadi ni 54, kwa hiyo mkanda mmoja haufuniki kadi, inabidi uunganishe miwili pembeni kwa pembeni na pale kwenye muungano panakuwa na tuta. Kwa waleti nyembamba unakuwa umeshaharibu. Mi mkanda nautumia kwa kile kivuta tu, ukanda mdogo unaopita chini ya kadi, ukiuvuta kadi zinapanda juu.

Nirudi kwa mkuu wa Igoma. Wewe ni mtu wa pikipiki, hapo kuna kitu hakijasemwa. Tyubu nyingi siku hizi ni mpira wa butili, unashika upepo, maji hauyajali na jua unalivumilia, lakini adui yake ni petroli na oili. Ukishika oili alafu ukashika waleti kila siku, mpira unavimba na kulegea taratibu, na pale kwenye mshono ndo unaanza kuachia. Turubai linavumilia zaidi hapo. Na kwenye mshono angalia urefu wa hatua, uzi uwe wa nailoni na hatua ziwe kama milimita 4. Fundi akipenda urembo akabananisha matundu, mpira utakatika kwa kufuata mstari wa sindano hata kama uzi wenyewe ni mzima. Kuna ambao wanaunganisha na gundi tu ya viatu bila kushona, hizo joto la mfuko likizidi zinaachia, usinunue.

Ningekuwa nakushonea wewe, kuta za nje ningeweka turubai ili iteleze kwenye jinzi, ule ukuta mmoja wa ndani unaobana kadi ningeweka tyubu ya baiskeli au ya pikipiki nyembamba kwa sababu inanyumbuka, ukiwa na kadi mbili inabana na ukiwa na nne inabana. Noti zikae upande wa turubai zisigusane na mpira, hapo la mama limetatuliwa. Noti ya elfu kumi ikunjwe mara mbili, usidai iingie imenyooka, hiyo inarefusha waleti bure.

Igoma_Kwetu
Hiyo nimeipenda fundi. Ya sangara bado naitaka ila nitajipanga baadaye, hiyo itakuwa ya kuvaa Jumapili. Na hii habari ya kadi kusomwa mfukoni bila kuguswa, niweke aluminiamu?

Bwiru_Dada
Kadi ya kugusisha inasomeka kwa umbali wa sentimita chache tu, na kwa sisi ambao malipo mengi yapo kwenye simu mi sijawahi kuhangaika. Ukitaka kipande cha pakiti ya maziwa ndani ya turubai kinatosha, ila kinaongeza unene na kwenye mkunjo kitavunjika.

Fundi_Mabatini
Aluminiamu achana nayo. Jumamosi njoo na kadi zako zote, uvae na hiyo suruali unayoendeshea tupime na mfuko wenyewe kabla sijakata. 15,000 na kivuta cha mkanda juu.

Igoma_Kwetu
Nakuja saa nne asubuhi. Tyubu nalileta mwenyewe, ninalo la pikipiki la 3.00-18 nililobadilisha, lina viraka viwili.

Fundi_Mabatini
Viraka tutavikwepa na pale kwenye valvu pia. Lioshe kwanza ndani ile poda nyeupe yote itoke, na kama lilikaa karibu na dumu la oili usilete, ninayo ya baiskeli hapa.